Namna ya Kuchagua Mashine ya Kukimbilia kwa Mazoezi ya Nyumbani

Mashine ya kukimbilia, ambayo madukani huitwa zaidi tredimili, ni miongoni mwa vifaa vya gharama kubwa anavyonunua mtu anayefanyia mazoezi nyumbani, na kosa la kuichagua halirekebishiki kirahisi. Ni nzito kama mtu mzima au zaidi, hairudishwi dukani kama jozi ya raba, na ikiharibika haipakiwi kwenye bodaboda kupelekwa kwa fundi. Mwongozo huu nimeuandika nikizifikiria nyumba za Dar es Salaam, kwa kuwa ndizo ninazozifahamu, ingawa mengi yaliyomo yatamfaa pia aliyeko Tanga, Unguja au Mombasa, ambako joto na chumvi ya bahari ni vilevile. Mpangilio wa hatua zake ni wa makusudi. Wanunuzi wengi huanza na kioo chenye taa na bei iliyobandikwa chini yake. Mimi nashauri uanze na miguu ya mtumiaji, chumba na umeme, kisha uje kwenye mota na mkanda, na kioo kiwe cha mwisho kabisa.

Hatua ya kwanza: Andika nani ataitumia na kwa mazoezi gani

Chukua karatasi uandike kila atakayeipanda, uzito wake, urefu wake na aina ya mazoezi anayoyafanya au anayokusudia kwa dhati kuyafanya. Anayetembea kwa haraka huenda kilomita 5 hadi 6 kwa saa, anayekimbia mchakamchaka huenda kati ya 8 na 10, na anayejiandaa kwa mbio ndefu hupita 12. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2020, linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na kutembea kwa haraka kunatosha kutimiza kiwango hicho. Kwa hiyo familia ya watembeaji haina sababu ya kulipia mashine ya kasi ya kilomita 20 kwa saa; fedha hiyo ni bora iende kwenye mota na ubao imara, ule ulio chini ya mkanda.

Uzito wa mtumiaji mzito kuliko wote ndio unaotawala. Kila mashine huandikwa uzito wa juu inaoruhusu, na nashauri pawe na nafasi ya kilo 20 au zaidi kati ya uzito huo na wa mtumiaji, kwa sababu mguu wa mkimbiaji hutua kwa kishindo cha mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili wake. Mwenye kilo 95 asiridhike na mashine ya kilo 100.

Katika hatua hii fikiria pia mwinuko, yaani uwezo wa mashine kujiinua upande wa mbele. Daktari Robert Bruce wa Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani, aliyebuni kipimo cha moyo kinachofanyika juu ya mashine ya aina hii, alipanga mgonjwa aanze kwa kilomita 2.7 tu kwa saa, mwendo wa mtu anayetazama maduka, lakini juu ya mwinuko wa asilimia 10, kisha kasi na mwinuko viongezwe kila baada ya dakika tatu. Hapo pana funzo kwa mnunuzi: mwinuko peke yake huutoa moyo jasho bila mtu kukimbia hata hatua moja. Mwenye magoti yanayouma, au mzee ambaye kukimbia kumempita, atafaidika zaidi na mashine yenye mwinuko wa umeme kuliko yenye kasi kubwa. Mwinuko wa kupachika kwa mkono ni wa bei nafuu, ila hulazimu ushuke ili uubadilishe, na wengi huuacha palepale siku zote. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au ujauzito amwone daktari wake kabla hajanunua chochote.

Hatua ya pili: Pima chumba, pamoja na kilichomo hewani

Mashine nyingi za nyumbani zina urefu wa sentimita 160 hadi 200 na upana wa 70 hadi 90. Hiyo ni mashine yenyewe. Watengenezaji huelekeza kwamba nyuma yake paachwe mita 2 zilizo wazi na kila ubavu angalau nusu mita, kwa sababu anayeteleza hutupwa nyuma, na akikuta ukuta nyuma yake hunaswa kati ya ukuta na mkanda unaoendelea kuzunguka. Ukijumlisha, unahitaji karibu mita 4 kwa mita 1.8. Chumba cha mita 3 kwa 3 hakitoshi, na mashine ya kukunjwa haitatui tatizo hilo, kwani kukunja huokoa nafasi wakati haitumiki, ilhali ajali hutokea wakati inatumika. Katika nyumba ya namna hiyo sebule ndiyo yenye nafasi, na ni afadhali kusogeza kochi kuliko kuelekeza mgongo ukutani.

Baada ya sakafu, tazama juu. Mtu wa sentimita 178 akisimama juu ya ubao ulioinuka sentimita 20 kutoka sakafuni anafika 198. Mwinuko wa asilimia 15 kwenye mkanda wa sentimita 140 unaongeza hadi 21 kwa mbele. Na mkimbiaji huruka kidogo katika kila hatua, kwa hiyo weka nyingine 15. Jumla ni sentimita 234. Dari la mita 2.7 lenye pangaboi lililoning'inia sentimita 35 huacha mita 2.35 tu chini ya mapanga, na hapo tofauti kati ya kichwa na pangaboi ni sentimita moja, hata mkono hujaunyanyua. Usiiweke mashine chini ya pangaboi kwa hali yoyote. Iweke kando, upepo ukufikie kwa ubavu, maana katika joto la Januari utauhitaji.

Baraza lisikuvutie. Mashine yangu ya kwanza niliiweka barazani Kigamboni nikifurahia upepo wa bahari, na masika moja tu yalitosha boliti za nguzo zake kuliwa na kutu kiasi kwamba fundi alizikata badala ya kuzifungua. Upepo uleule unaompoza mkimbiaji hubeba chumvi na vumbi hadi ndani ya mota. Anayeishi ghorofani aongeze zulia nene la mpira chini ya mashine, kwa ajili ya vigae vyake na kwa ajili ya usingizi wa jirani wa chini.

Hatua ya tatu: Hakikisha umeme wa nyumba unaikubali

Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230 na mizunguko 50, na wa Kenya ni 240. Jambo hili ni muhimu hasa kwa anayenunua mtumba. Mashine iliyotoka Uingereza au Ujerumani itafanya kazi bila tabu, lakini ya Marekani au Kanada ilitengenezwa kwa volti 120, na ya Japani kwa volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi yako, bodi yake, yaani saketi inayoiongoza mota, inaungua kabla hujapanda. Inama uangalie bati dogo lililobandikwa karibu na swichi kuu, kwa kawaida chini upande wa mbele, usome volti kwa macho yako. Wapo wanaotumia transfoma kushusha volti, lakini inayohimili mota ya tredimili ni kubwa, ni ghali, huchemka, na ni kitu kingine cha kuharibika. Kwa maoni yangu, mashine ya volti 100 au 120 iachwe hata kama bei yake ni nusu.

Mashine iwe na soketi yake ya ukutani ya ampea 13, yenye ethi inayofanya kazi kweli. Ekstensheni nyembamba zile za kuchajia simu hupata moto na huinyima mota umeme inaouhitaji. Mahali ambapo umeme hupanda na kushuka, weka kilinzi cha umeme kinachobeba ampea 13, si kile kidogo cha televisheni.

Kuhusu matumizi, hesabu ni hii. Mashine inayovuta wastani wa wati 700 kwa dakika 40 hutumia karibu nusu uniti, na mazoezi ya siku 22 kwa mwezi ni uniti 10 au 11. Mzigo wenyewe si mkubwa. Ila kwa mteja wa LUKU aliye kwenye daraja la matumizi madogo, lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, uniti hizo 10 zinaweza kumvusha kwenye daraja la bei ya juu, basi atazame kwanza matumizi yake ya miezi iliyopita. Wenye umeme wa mashaka wazifahamu pia mashine zisizo na mota, ambazo mkanda wake uliopinda husukumwa na miguu: ni imara, lakini zinachosha haraka na hazimfai anayeanza wala mzee.

Hatua ya nne: Isome mota kwa makini kuliko kitu kingine

Hapa ndipo fedha za wengi zinapopotea. Nguvu ya mota hupimwa kwa nguvu za farasi, ambazo wauzaji huziita hospawa, na kipimo kimoja ni sawa na wati 746 hivi. Lakini kuna nguvu za aina mbili. Ya kwanza ni nguvu endelevu, inayoweza kutolewa na mota saa nzima bila kuchemka. Ya pili ni nguvu ya kilele, inayofikiwa kwa sekunde chache tu. Makaratasi mengi huandika ya kilele kwa herufi kubwa na kuinyamazia ile endelevu.

Mimi nilinunua mashine iliyoandikwa 4.0, na muuzaji alinihakikishia: "Dada yangu, hii ni hospawa nne, hata ukimbie mpaka asubuhi." Baada ya miezi mitano ilianza kutoa harufu ya plastiki iliyoungua kila nikifika dakika ya ishirini. Fundi alipofungua kifuniko cha mbele, bati la mota yenyewe lilisomeka wati 735, yaani nguvu ya farasi mmoja.

Tangu hapo natumia kipimo ambacho kila mtu anaweza kukifanya kichwani. Soketi ya ampea 13 kwa volti 230 haiwezi kutoa zaidi ya wati 2,990, ambazo ni nguvu za farasi 4 tu. Kwa hiyo mashine ya nyumbani inayotangaza 6 au 7 inataja kitu ambacho ukuta wa nyumba yako hauwezi kukitoa, na namba hiyo usiitumie kufanya uamuzi wowote. Tafuta herufi CHP, zinazosimama kwa nguvu endelevu, au mwombe muuzaji afungue kifuniko cha mbele, ambacho kwa kawaida hushikwa na skrubu chache, msome bati la mota pamoja. Anayekataa kufungua skrubu chache kwa mteja anayetaka kulipa fedha nyingi amekwisha kukujibu.

Kwa kutembea, nguvu endelevu ya 1.5 hadi 2 inatosha; kwa mchakamchaka tafuta 2.5; kwa kukimbia hasa, 3. Mwenye zaidi ya kilo 90 aongeze nusu. Mota za umeme wa AC zinazotumika kwenye jimu za biashara hudumu zaidi, lakini ni nzito na huvuta umeme mwingi, na kwa nyumba ya watu watatu au wanne mota nzuri ya DC inatosha.

Hatua ya tano: Mkanda, ubao na rola

Kwa kutembea tu, mkanda wa upana wa sentimita 40 hadi 45 na urefu wa 120 unafaa. Mkimbiaji ahitaji upana wa 50 na urefu wa 140, na mwenye urefu wa kuzidi sentimita 183 atafute 152, kwa sababu anayekimbia akihofia kukosa mkanda hufupisha hatua zake, na mwili hulipia kwa maumivu ya nyonga. Rola za mbele na nyuma, yaani vyuma vya mviringo vinavyozungukwa na mkanda, zikiwa nene, sentimita 5 au 6, mkanda hujipinda kidogo na hudumu. Ubao wenye mipira ya kupunguza kishindo ni bora kwa magoti, ila usiwe laini kama godoro, kwani mguu hukosa mahali pa kusukumia.

Hatua ya sita: Ipande dukani

Usinunue mashine ambayo hujaipanda. Iwe Kariakoo au kwenye duka lenye kiyoyozi, nenda na raba zako na mtu wa kukusaidia, uombe ichomekwe. Simama kwanza kwenye kingo za pembeni, si juu ya mkanda, uiwashe kwa kilomita 1 kwa saa, ndipo uukanyage. Tembea kwa kilomita 3 ukiwa umeshika mikono ya mashine, kisha kanyaga kwa nguvu ukijizuia, kama mtu anayeteremka mlima. Mkanda ukisita huku rola ikiendelea kuzunguka, umelegea, na hilo hurekebishika kwa kukaza. Mkanda na rola vikisita kwa pamoja huku mota ikilalamika, tatizo ni mota au mkanda mdogo unaoiunganisha na rola, nawe uiache.

Kisha pima ukweli wa kasi. Mashine ikiwa imezimwa na waya umechomolewa, chora mstari wa chaki juu ya mkanda, uuzungushe kwa mkono huku ukiupima kwa futi hadi mstari urudi, ili ujue urefu wa mzunguko mzima. Tuseme ni mita 3. Kasi ya kilomita 6 kwa saa ni mita 100 kwa dakika, kwa hiyo mstari unapaswa kupita mara 33 hivi kwa dakika. Iwashe kwa kasi hiyo, utembee juu yake, mwenzako ahesabu huku akitazama saa. Akihesabu 28 badala ya 33, mota inazidiwa na uzito wako, na itazidiwa zaidi itakapozeeka. Kipimo hiki hakigharimu kitu, na sijakutana na muuzaji mwaminifu aliyekikataa.

Ukiisha kuizima tena, ingiza vidole chini ya mkanda katikati ya urefu wake. Unapaswa kuinuka sentimita 5 hadi 7, usikaze kama ngoma wala usining'inie. Kwenye mtumba, pitisha kiganja juu ya ubao chini ya mkanda: ubao mzuri ni laini wenye unyevu kidogo wa silikoni, na uliochakaa una mikwaruzo, pengine alama nyeusi pale miguu inapotua. Mashine ya mtumba yenye ubao huo imefanya kazi ikiwa kavu, na mkanda mkavu huilazimisha mota ivute umeme mwingi hadi bodi yake iungue.

Kioo nakitaja hapa kwa sababu ndipo mahali pake. Kinachohitajika ni kasi, muda, umbali na mwinuko kwa namba zinazosomeka ukiwa unatikisika. Namba ya kalori ni makadirio tu.

Hatua ya saba: Fikiria watoto wa nyumbani

Mwezi Mei 2021 kampuni ya Peloton ya Marekani iliziondoa sokoni mashine zake za Tread+, takriban 125,000, baada ya taarifa zaidi ya 70 za watu, wanyama au vitu kuvutwa chini ya sehemu ya nyuma, na mtoto mmoja wa miaka sita kufariki. Naomba mzazi aisome sentensi hiyo mara mbili. Chagua mashine ambayo haiwaki bila ufunguo wa usalama, ule mdogo wenye kamba inayobanwa kwenye nguo ya mkimbiaji, ambao ukichomoka mkanda husimama. Ujaribu dukani kwa kuuvuta mashine ikiwa inatembea. Nyumbani, ukimaliza mazoezi chomoa ufunguo uuweke juu ya kabati, uchomoe na waya wa umeme, na mtoto asikae nyuma yako wakati mkanda unazunguka, hata kama anacheza kimya.

Hatua ya nane: Malipo, usafiri na wiki ya kwanza

Kabla ya kulipa, uliza ni fundi gani anayezihudumia mashine hizo na kama bodi ya mota na mkanda vinapatikana nchini, kwa kuwa hivyo ndivyo hufa kwanza. Dhamana iandikwe sehemu kwa sehemu, kwa kuwa dhamana ya miaka kumi mara nyingi huhusu fremu tu, ilhali mota na bodi hupewa mwaka mmoja au pungufu. Dai risiti ya EFD yenye bei kamili, maana bila hiyo dhamana haina pa kusimamia. Mkubaliane pia kama bei inajumuisha kirikuu cha kuifikisha na vijana wa kuipandisha ngazi, na upime upana wa mlango wako kabla boksi halijafika.

Baada ya kufungwa, iache itembee tupu kwa dakika tano kwa kasi ndogo. Mkanda ukisogea kushoto, kaza boliti ya nyuma ya kushoto robo mzunguko tu, usubiri dakika moja uone, ndipo uongeze. Ukisogea kulia, fanya hivyo kwa boliti ya kulia. Baada ya wiki moja rudia kukaza boliti zote za nguzo. Kila baada ya miezi mitatu, au mapema zaidi kama wanaoitumia ni wengi, inua mkanda na upake mafuta ya silikoni katikati ya ubao, kijiko kimoja au viwili kila upande. Mafuta ya kupikia na ya gari huuharibu mkanda. Kisha itembeze polepole dakika tatu ili yasambae, na ufute yaliyovuja pembeni kabla mtu yeyote hajakanyaga.